Projekti za uhandisi zinakufa siku ya kuwasilishwa: tujadili toleo la pili

Kerezo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka masomo yakielekea ukingoni vyuo vyetu vya uhandisi vinajaa maonyesho. CoET (ndaki ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pale Mlimani, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) Mbeya, Chuo cha Ufundi Arusha, kote meza zimepangwa, vijana wamevaa tai, na juu ya meza kuna kitu: mashine ya kupukuchua mahindi, roboti inayofuata mstari, mtambo wa kumwagilia unaojiwasha udongo ukikauka, kiti mwendo kinachopanda ngazi. Wakaguzi wanapita, wanauliza, wanajaza karatasi. Baada ya hapo vitu vyote vinaingia stoo, na mwaka unaofuata mota na betri zinang'olewa ili mwanafunzi mwingine atengeneze mtambo uleule wa kumwagilia.

Mimi ni mtu wa karakana. Kazi yangu ni kerezo, kuchomelea, na kuwasaidia vijana wageuze mchoro uwe chuma. Nimekaa nao vya kutosha kusema hili bila kusita: hawajapungukiwa akili wala mikono. Wanachokosa ni toleo la pili. Alama zote zinatolewa kwa kitu cha kwanza kilichofanya kazi kwa dakika chache mbele ya wakaguzi, na habari inaishia hapo. Toleo la kwanza popote duniani huwa na kasoro, na faida yake ni kuzifichua hizo kasoro. Uhandisi unaanza pale unapolibeba ukampelekea atakayelitumia, ukamsikiliza anavyolalamika, ukarudi karakana.

Niwape mfano ninaoupenda kwa sababu mizizi yake iko huku kwetu.

Mwaka 2005 Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi mitambo wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti mwendo. Alikuta tunachokiona sote. Asiyeweza kutembea ana njia mbili. Ya kwanza ni kiti kile cha hospitali, kinachokwenda vizuri sakafuni na kukwama kwenye mchanga, tope na mawe. Ya pili ni baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, inayofika mbali lakini ni nzito, ndefu, na haiingii ndani. Mwenye kiti cha kwanza amefungiwa nyumbani, mwenye cha pili anakiacha nje na kutambaa.

Jibu walilolipata yeye na wenzake ni wenzo. Kiti kina fimbo mbili ndefu, moja kila upande, zilizounganishwa na cheni na gia za baiskeli. Ukizisukuma mbele, kiti kinakwenda. Hakuna gia za kubadilisha, maana mkono wako ndio unaobadilisha: ukishika juu kabisa unapata nguvu, ukishika chini karibu na egemeo unapata mwendo. Hesabu yake ni ya sekondari. Sukuma kwa nyutoni 100 ukiwa umeshika sentimita 60 kutoka kwenye egemeo, unapata nyutoni-mita 60 za kuzungusha. Teremsha mkono hadi sentimita 20, zinabaki 20, lakini mkono ukisogea umbali uleule gurudumu linazunguka mara tatu zaidi. Ukifika nyumbani unazichomoa fimbo, unazipachika kando ya fremu, unabaki na kiti cha kawaida. Cheni, gia na beringi zote ni za baiskeli, kwa sababu fundi baiskeli yuko kila kijiji.

Wazo zuri, tena rahisi. Mwaka 2009 viti vya majaribio vililetwa Afrika Mashariki wakapewa watumiaji wenyewe waishi navyo. Nje vilifanya kazi vizuri. Ndani vilikuwa mateso: vizito mno, vipana mno, mlangoni havipiti. Mwanafunzi wetu angeandika "nje vilifanya kazi vizuri", angepata A yake, na mwisho wa habari. Wale walirudi mezani. Toleo lililokwenda Guatemala mwaka 2010 lilikuwa limepungua karibu kilo 9, na upana wake umekaribia kiti cha kawaida. Kutoka hapo likaenda India, wakashirikiana na shirika la Jaipur Foot, likarekebishwa tena. Hatimaye ikazaliwa kampuni ya GRIT inayokiuza kwa jina la Freedom Chair.

Angalieni mpangilio huo. Wazo la wenzo halikubadilika tangu mwanzo. Kilichokifikisha kiti sokoni ni uzito na upana, mambo mawili ambayo hakuna mkaguzi wa maonyesho angeyauliza, na ambayo mtumiaji aliyaona siku ya kwanza.

Ninachoomba tujadili: chuo kifanye nini ili safari ya kurudi kwa mtumiaji iwe sehemu ya alama? Na ninyi mliokwisha kuhitimu, projekti zenu ziko wapi sasa hivi?

Nawasilisha.

Mwaka wa Nne

Mkuu Kerezo, umenena. Mimi ndiye huyo unayemwongelea. Natengeneza roboti ya kusambaza dawa wodini, inafuata mstari mweusi sakafuni na inasimama ikikutana na mtu. Bumu (mkopo wa wanafunzi) ndilo linalonunua vifaa, chuo kinatoa kidogo na kinatoa kwa kuchelewa. Sasa hivi sifikirii toleo la pili kabisa, kwa sababu hata la kwanza linanisumbua. Nikiishika juu, magurudumu yanazunguka vizuri. Nikiiweka chini na mzigo inaanza kwenda, inajizima, inawaka upya, inaanza tena. Programu nimeipitia mstari kwa mstari haina kosa. Kuna anayejua?

Mzee wa Spana

Nafuatilia. Kerezo, ukiwa na picha za kile kiti, hasa pale cheni inapokutana na fimbo, ziweke.

Binti Saketi

Mwaka wa Nne, mdogo wangu, achana na programu kwanza. Shida yako ni umeme.

Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule inaovuta ikishachanganya mwendo. Ukiwa umeishika juu haina mzigo, kwa hiyo inachanganya haraka na hauoni kitu. Ukiiweka chini inahangaika, inavuta, volti ya betri inaporomoka kwa sehemu ya sekunde, na Arduino, ile bodi ndogo inayobeba programu yako, ikikosa volti yake inajizima na kuanza upya. Kwa macho utadhani ni kosa la programu.

Tenganisha chanzo. Mota ziwe na betri yake, Arduino iwe na yake, ila hasi za betri zote mbili ziunganishwe pamoja, vinginevyo alama inayotoka kwenye pini haitaeleweka upande wa drava, saketi inayoendesha mota. Usichote umeme wa mota ndogo za sevo kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, haikutengenezwa kwa mzigo huo. Karibu kabisa na drava weka kapasita ya maikrofaradi 470 hadi 1,000. Na kama drava yako ni ile L298N yenye kipoza joto cheusi inayouzwa kila duka Kariakoo, jua kwamba yenyewe inakula karibu volti 2 na kuzigeuza joto. Ukiipa volti 6, mota inabaki na 4 hivi. Wanafunzi wengi wananunua mota kubwa zaidi wakati tatizo ni drava.

Betri nayo uikague. Kuna selo za kuchaji za 18650 zimeandikwa uwezo wa mAh 9,900. Zinadanganya. Selo nzuri za ukubwa huo nyingi ziko kati ya 2,500 na 3,600. Usiamini karatasi, ipime: ichaji hadi volti 4.2, iunganishe na mzigo ambao mkondo wake unaujua, hesabu muda hadi volti ishuke kufikia 3. Mkondo mara saa ndiyo jibu lako. Hicho kipimo ukikiweka kwenye ripoti kina thamani kuliko kurasa nyingi za utangulizi.

Sasa swali linalohusu uzi wenyewe. Unasimamisha roboti kwa sensa (kifaa cha kuhisi) gani? Kama ni HC-SR04, ile ya mawimbi ya sauti, karatasi yake inasema inasoma sentimita 2 hadi 400. Ni kweli mbele ya ukuta. Mbele ya pazia au shuka linaloning'inia, nguo inameza sauti na sensa inakwambia njia ni nyeupe. Mbele ya bati lililokaa mshazari, sauti inaruka pembeni na hairudi. Na wodi imejaa mapazia na mashuka. Umeshaingia wodini na roboti yako, au unaijaribia kwenye korido ya chuo?

Mwaka wa Nne

Dada, ahsante sana. Nimetenganisha betri, imeacha kujizima. Drava ni hiyohiyo uliyoitaja. Sensa ni HC-SR04. Wodini bado sijaingia.

Jua Kali

Wadau, salamu kutoka Nairobi.

Kerezo ametoa mfano wa MIT, niongeze kitu kinachotokana na chuo hichohicho. Mashindano mengi ya roboti ya wanafunzi tunayoyaona leo yana asili moja. Miaka ya 1970 Woodie Flowers, mwalimu wa MIT, alikuwa akiwagawia wanafunzi wa darasa la usanifu mfuko wa vitu vilivyoonekana havina maana, vipande vya bati, springi, mota ndogo, na kuwapa kazi moja wote: tengeneza mashine itakayoshindana na ya mwenzako. Vifaa sawa, kazi sawa, mashine tofauti kabisa. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha FIRST, shirika la mashindano ya roboti, Flowers akaungana naye, na shindano lao la kwanza la sekondari likafanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, timu 28. Mwaka 2017 likaanza shindano la mataifa, FIRST Global, Washington, kila nchi timu moja, kila timu sanduku lilelile la vifaa.

Kinachonivutia hapo ni sanduku. Mtoto wa tajiri na wa maskini wanaanza na skrubu zilezile. Huku kwetu mwanafunzi mmoja ana mzazi wa kumwagizia vifaa kutoka China, mwingine anangoja mkopo, halafu tunawapima kwa mizani moja. Chuo kingewapa wote sanduku moja mwanzoni mwa mwaka, hata kama ni la vitu vichache, tungeona nani ana akili ya usanifu.

Jambo la pili, toleo la pili si lazima liwe kitu kilekile. Roy Ombatti alipokuwa akisoma uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Nairobi alianza na viatu. Watu walioharibiwa miguu na funza hawawezi kuvaa kiatu cha dukani, na bila kiatu funza wanarudi. Akawaza viatu vya kuchapwa kwa printa ya 3D kulingana na mguu wa mtu. Alipokifuatilia akakuta kikwazo kilichotangulia ni printa yenyewe: ghali, za kuagizwa, zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza. Ndipo ikaja AB3D, inayounda printa hapahapa Nairobi ikitumia pia sehemu za vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Angekuwa amefungwa na andiko la projekti aliloidhinishiwa mwanzoni, asingeruhusiwa kugeuka.

Na kwa wanaochapa vipande vya 3D: PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ukiacha kipande ndani ya gari lililofungwa vioo juani Mombasa au Dar, utakikuta kimepinda. Kitu cha kukaa nje kichapeni kwa PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Tena angalieni mwelekeo wa kuchapa, kipande kinakatika kwenye tabaka, kwa hiyo nguvu isivute tabaka zitengane. Na kama kipande chenyewe ni bati lililokunjwa tu, nendeni Kamukunji, soko la mafundi wa bati hapa Nairobi. Fundi wa jua kali atakikunja kabla printa yenu haijamaliza kupasha joto.

Mhadhiri

Nimesoma kwa makini. Mimi nipo upande wa pili wa meza, ninasimamia na kukagua projekti hizi, na naona mnarahisisha mambo.

Kwanza muda. Semista ya kwanza inaishia kwenye andiko na michoro. Ya pili ndiyo ya kutengeneza, na ndani yake kuna masomo mengine, majaribio na mitihani. Kifaa kikichelewa bandarini, wiki zimekwenda. Pili, kila mwanafunzi lazima aonyeshe kazi yake mwenyewe. Nikimpa wa mwaka huu aendeleze kiti cha wa mwaka jana, mkaguzi wa nje ataniuliza ipi ni yake, na mwanafunzi mwenyewe atalalamika kwamba amepewa mabaki ya mwenzake. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: lengo la projekti ni kumfundisha mhandisi. Bidhaa ni kazi ya viwanda. Kijana akijua kuchagua beringi kwa hesabu, kusoma mchoro, kutetea uamuzi wake mbele ya watu, nimemaliza kazi yangu hata kama kitu chenyewe kimebaki stoo.

Mfano wa MIT una wafadhili na miaka mingi nyuma yake. Tulinganishe vinavyolingana.

Kerezo (mleta uzi)

Mwalimu, nashukuru umeingia, maana bila ninyi uzi huu ungekuwa malalamiko ya karakana tu.

Kuhusu muda nakubaliana na wewe kama toleo la kwanza ni la chuma. Lakini nani kasema liwe la chuma? Kile kiti kilishindwa kwa upana. Upana unaupima kwa kadibodi. Kata kadibodi kwa vipimo vya mchoro wako, ibebe, nenda nayo nyumbani kwa mtumiaji, ipitishe mlangoni, kwenye korido, chooni. Hiyo inafanyika semista ya kwanza, wakati wa andiko, kwa gharama ya nauli. Uzito vilevile: jaza mchanga kwenye gunia ufikie kilo ulizozipiga kwenye hesabu, mwombe anayemsaidia mgonjwa alinyanyue hadi usawa wa sakafu ya daladala. Ukija semista ya pili, chuma unachochomelea tayari ni toleo la pili. Kwangu mwanafunzi aliyekata kadibodi na kubadilisha mchoro wake kwa sababu ya mlango amejifunza uhandisi kuliko aliyenakili mchoro wa mtandaoni ukakubali mara ya kwanza.

Kuhusu kurithi. Tazama Makerere. Wanafunzi na walimu wao walishiriki Vehicle Design Summit, mradi wa kimataifa wa wanafunzi ulioanzia MIT, kisha wakaanza gari lao nyumbani. Novemba 2011 wakatoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Mwaka 2014 likaja la pili, Kiira EV Smack. Mwaka 2016 basi la Kayoola, abiria 35, paneli za sola juu ya paa. Leo kuna Kiira Motors na kiwanda chake Jinja. Hakuna kundi moja la mwaka wa mwisho lingeweza kufanya hayo yote kabla ya mahafali. Waliotangulia waliacha michoro na vipimo, waliofuata wakaanzia hapo.

Swali la "ipi ni kazi yake" lina jibu. Wa kwanza ana fremu, wa pili ana breki, wa tatu ana majaribio ya uchovu wa chuma. Kila mmoja na ripoti yake. Viwandani ndivyo mhandisi anavyokutana na kazi, hakuna atakayempa karatasi nyeupe. Akitoka chuoni hajawahi kuifungua mashine ya mtu mwingine na kuielewa, tumempunguzia kitu.

Tatu ndipo tunapotofautiana kweli, na nalisema kwa heshima. Kumfundisha mhandisi na kumfikia mtumiaji ni somo moja. Beringi aliyoichagua kwa hesabu ataijua vizuri siku itakapoletwa imeliwa na mchanga, akajiuliza kwa nini hakuweka sili.

Dada wa Kirumba

Naomba na mimi nichangie. Ninatumia kiti mwendo tangu utotoni, nipo Mwanza. Wanafunzi huja kwangu na fomu. Wana adabu, wanauliza vizuri, wanapiga picha, wanaondoka. Siwalaumu, lakini kiti walichokitengeneza baada ya maswali yangu sijawahi kukiona hata kimoja.

Niseme ninachojua. Kiti cha kupanda ngazi sijakiomba. Ninaomba kiti ambacho konda anaweza kukinyanyua bila kutafuta mtu wa pili, kwa sababu akimtafuta mtu wa pili gari linaondoka. Ninaomba magurudumu ya mbele yasiyozama, maana mchanga kidogo tu, yale madogo yanachimba na mimi naenda mbele kifudifudi. Mlango wa choo mnaupima upana, lakini hamwangalii unafungukia upande gani. Ukifungukia ndani, hata kiti kiwe chembamba namna gani, nikishaingia siwezi kuufunga.

Halafu tairi. Kiti nilichonacho kina tairi za inchi 24. Ukienda duka la baiskeli watakwambia 24 zipo, ukivalisha haziingii, kwa sababu 24 ya kiti na 24 ya baiskeli ya watoto namba zinafanana lakini rimu hazifanani. Mara nyingi nimekaa ndani nikisubiri tairi kutoka Dar. Anayetengeneza kiti aanzie dukani: aulize tairi gani ipo Mwanza, Sumbawanga, Kigoma, ndipo achore gurudumu.

Na mto wa kukalia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kuhusu mto. Mwenye kupooza hasikii maumivu, kidonda cha kukalia kinaanza bila yeye kujua na kinaweza kumuua. Kiti kizuri chenye ubao na sponji nyembamba ni hatari kwake. Hiyo nayo ni projekti kamili, na haihitaji mota.

Mzee wa Spana

Dada, hilo la rimu ni kweli tupu. Fundi baiskeli yeyote anajua, lakini michoro mingi ya wanafunzi imeandikwa "inchi 24" tu. Waandike namba ya pili iliyopigwa ubavuni mwa tairi, kipenyo kwa milimita: 540 ni ya kiti, 507 ni ya baiskeli. Ukichora gurudumu kwa 507 umemaliza shida ya tairi kutoka Dar.

Fundi Vifaa Tiba

Nimeguswa na mchango wa dada wa Kirumba, na Mwaka wa Nne ananihusu kwa sababu mimi natengeneza mashine za hospitali.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, waliwahi kupewa shida hii: watoto njiti ambao mapafu yao hayajakomaa wanahitaji hewa ya shinikizo dogo muda wote ili mapafu yasijikunje, na mashine za kazi hiyo zinauzwa maelfu ya dola. Toleo la kwanza la wanafunzi wale lilikuwa sanduku la plastiki lenye pampu za matanki ya samaki ndani yake. Shinikizo linadhibitiwa na maji: bomba la kutolea hewa linazamishwa kwenye chupa, ukilizamisha sentimita 6, mtoto anapata shinikizo la sentimita 6 za maji. Ukitaka kuongeza, zamisha zaidi. Hakuna saketi ya kuharibika hapo, na muuguzi anaona mapovu kwa macho yake, kwa hiyo anajua mashine inafanya kazi.

Lakini sanduku lile halikwenda wodini hivyohivyo. Kampuni ya usanifu, 3rd Stone Design, ilishirikiana nao kulifanya mashine ya kweli, ikaitwa Pumani, na ikajaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika watoto wachanga waliokuwa na shida kubwa ya kupumua, asilimia 71 ya waliopewa mashine hiyo walipona, dhidi ya 44 ya waliopewa oksijeni pekee. Hapo Mwalimu Mhadhiri naomba unisamehe: kama sanduku lingebaki stoo, wanafunzi wale wangekuwa wamejifunza, ndiyo, na watoto wale wangekufa.

Mwaka wa Nne, kabla hujaipeleka roboti wodini mtafute muuguzi wa zamu ya usiku. Muulize dawa inatolewa saa ngapi, nani anasaini, na sakafu inapigwa deki mara ngapi na kwa nini. Sakafu inasuguliwa kwa klorini kila siku. Mstari wako mweusi wa tepu hautadumu. Na nani atawajibika dawa ikifika kitanda kisichohusika? Huenda atakwambia dawa azibebe mwenyewe, na roboti imbebee mashuka machafu na vyombo, kazi inayomvunja mgongo. Hapo umepata projekti bora kuliko uliyoanza nayo.

Mwaka wa Nne

Nimeongea na muuguzi, dada wa rafiki yangu. Amesema karibu neno kwa neno ulichosema kuhusu mashuka, na akaongeza kwamba magurudumu yangu yatanasa kwenye kizingiti cha mlango wa wodi. Nimeomba msimamizi wangu anikubalie kubadili kichwa cha projekti, ananijibu wiki ijayo.

Kerezo, nina swali la rafiki yangu wa mitambo anayetengeneza kiti. Fremu ameichomelea kwa skwea paipu, watu wameikalia, imeshika. Anajuaje kama itadumu?

Mhadhiri

Kuhusu kubadili kichwa: kama msimamizi wako ni mgumu, mwonyeshe maelezo ya muuguzi kwa maandishi. Andiko likibadilika kwa ushahidi, kanuni nyingi za vyuo zinaruhusu. Na nikiri hoja ya kadibodi nimeichukua. Inaingia kwenye semista ya kwanza bila kugusa ratiba.

Kerezo (mleta uzi)

Mwaka wa Nne, kukaliwa na watu hakumwambii lolote kuhusu kudumu. Mara nyingi chuma cha fremu hakivunjiki kwa mzigo mkubwa wa mara moja, kinachoka kwa mzigo mdogo unaojirudia.

Viti mwendo vina kiwango cha kimataifa, ISO 7176, na sehemu yake ya 8 inahusu nguvu na uimara. Kuna majaribio mawili ya uchovu humo. La kwanza, kiti kikiwa na sanamu yenye uzito wa mtu kinazungushwa juu ya madramu mawili yenye vibao vidogo, mizunguko 200,000. La pili, kinadondoshwa sakafuni kwa magurudumu yote kutoka urefu wa milimita 50, mara 6,666.

La madramu ni gumu kwa karakana ya chuo, la kudondosha linawezekana. Aweke magunia ya mchanga kilo 100 kwenye kiti na kuyafunga yasihame. Achukue mota ya waipa ya gari, skrepa zipo nyingi Gerezani, Dar, aipunguze kasi kwa cheni na gia za baiskeli hadi mizunguko 10 kwa dakika. Kwenye shafti ya mwisho aweke kamu ya umbo la konokono inayoinua jukwaa polepole milimita 50 kisha kuliachia ghafla. Kwa kasi hiyo mara 6,666 zinakamilika kwa saa 11 na dakika chache. Aweke kihesabio kwa swichi ndogo na Arduino, na swichi ya kuzima kila kitu jukwaa likipinda.

Asimamishe kila baada ya mara 1,000, afute vumbi, aangalie kwa tochi kona zote za kuchomelea, hasa karibu na ekseli na pale bomba la kiti linapokutana na la mgongo. Nyufa huanzia pembeni mwa weldi, kwenye chuma kilichopashwa joto, mara chache katikati yake. Aandike ufa umeonekana mara ya ngapi, aongeze pembetatu ya bati mahali hapo, arudie tangu sifuri.

Kamu nitamkatia mimi. Alete mchoro na kipenyo cha shafti.